Kompyuta Kuukuu na Kazi ya Mwalimu

Katika shule nyingi za msingi zilizowahi kupata kompyuta, iko siku moja ambayo kila mwanafunzi huikumbuka: siku zilipoletwa. Baada ya siku hiyo hufuata miaka ambayo hakuna wa kuisimulia. Kompyuta zimefunikwa vitambaa katika ofisi, mlango umefungwa kwa kufuli, na kila anayeuliza hupewa jibu moja: "Zimezeeka, tunasubiri mpya." Wanafunzi walioingia Darasa la Kwanza mwaka ule humaliza Darasa la Saba wakiwa hawajagusa hata kibodi.

Makala hii inakusudia kulipinga jibu hilo. Nasema, kwanza, kwamba nyingi kati ya kompyuta tunazoziita mbovu si mbovu, bali zimeelemewa. Nasema, pili, kwamba zikiwekewa Linux iliyo nyepesi zaweza kurudi darasani, na kwamba kazi hiyo yafaa aijue mwalimu wa shule ya msingi mwenyewe, wala asimwachie fundi wa mjini peke yake. Nasema, tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kwamba kompyuta iliyofufuliwa pasipo somo haina tofauti na ile iliyofungiwa ofisini.

Kuzeeka na Kuelemewa

Hatuna budi kuanza kwa kuelewa kompyuta huzeeka vipi. Ziko sehemu zake zinazochakaa kweli. Feni hujaa vumbi, betri ya kompyuta mpakato huacha kuhifadhi umeme, na diski yenye sahani zinazozunguka hatimaye huharibika. Lakini prosesa iliyofanya hesabu mwaka 2010 huweza kufanya hesabu zile zile leo, kwa kasi ile ile, mradi isiunguzwe na joto. Kilichobadilika ni mzigo inaotwishwa.

Mfikirie mwanafunzi mwenye dawati dogo na kabati kubwa. Dawati ni kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Kabati ni diski. Akifungua vitabu viwili dawatini, hufanya kazi yake vizuri. Lakini mlazimishe kutumia vitabu 20 kwa wakati mmoja. Kila anapotaka kitabu kimoja itambidi arudishe kingine kabatini, na muda wake wote utaishia njiani kati ya dawati na kabati. Ndivyo inavyokuwa kompyuta yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu inapolazimishwa kuendesha programu zilizotungwa kwa ajili ya kompyuta yenye gigabaiti 8. Taa ya diski huwaka bila kuzimika, skrini huganda, na watoto huchoka kungoja.

Aidha, ziko kompyuta zinazoitwa za zamani kwa sababu tu mtengenezaji wa programu ameamua hivyo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza utunzaji wa kawaida wa Windows 10. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, inadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya diski isiyopungua gigabaiti 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa hazitimizi masharti hayo. Hizo hazikufa, zimeachwa njiani. Katika nchi tajiri hutupwa au hugawiwa, na baadhi yake hufika katika shule zetu.

Linux Nyepesi ni Kitu Gani

Linux ni kiini cha mfumo endeshi, yaani programu inayoisimamia kompyuta nzima na kugawa kazi baina ya sehemu zake. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Kiini hicho kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1983. Msingi wa mradi huo ulikuwa kwamba kila mtu awe huru kuitumia programu, kuichunguza, kuirekebisha na kuwagawia wenzake. Kwa sababu ya uhuru huo watu wa nchi nyingi wamejitengenezea mikusanyo yao ya Linux, kila mkusanyo kwa haja yake. Wako waliotaka mapambo ya skrini. Wako waliotaka wepesi.

Nitaje michache iliyo myepesi. Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, huweza kupakiwa yote katika kumbukumbu ya kazi, hivyo huendeshwa hata katika kompyuta ambayo diski yake imekwisha kufa. Tiny Core yenye skrini ya picha ina ukubwa wa megabaiti 23 hivi, ingawa hiyo humfaa zaidi mwenye uzoefu. antiX 23, iliyotolewa mwaka 2023, ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za biti 32 na za biti 64, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ya megabaiti 512 huweza kuiendesha. Debian, iliyoasisiwa mwaka 1993, ikiwekewa sura nyepesi ya skrini kama vile LXQt au Xfce, huifaa kompyuta yenye gigabaiti 2.

Wepesi huu hauna muujiza ndani yake. Watengenezaji wameondoa mapambo, wameacha kuendesha programu ambazo mtumiaji hakuziita, na wamechagua programu ndogo mahali pa kubwa. Wamempunguzia mwanafunzi wetu idadi ya vitabu dawatini.

Uhuru huo umetufaa hata sisi wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyoandikwa maneno ya Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu programu ya asili ilikuwa huru, na wataalamu wetu hawakulazimika kumpigia mtu magoti ili waifasiri.

Hoja ya Mitumba

Wako wanaouliza: kwa nini mtoto wa kijijini apewe kompyuta ya mitumba, hali mtoto wa mjini anapewa mpya? Je, huku si kuwazoesha watoto wa wakulima kupokea makombo? Swali hili ni la haki, nami silidharau. Nitalijibu kwa sehemu tatu.

Kwanza, mwalimu anayetumia kompyuta kuukuu leo hajapoteza haki ya kudai mpya kesho. Tunafundishia ubao uliopasuka huku tukiomba ubao mzuri. Hatufungi darasa mpaka ubao uje.

Pili, tutenganishe uzee wa mashine na ubora wa programu. Linux si programu ya maskini. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya kompyuta zenye kasi kuliko zote duniani zimekuwa zikiendeshwa kwa Linux. Simu za Android, ambazo wengi wenu mnazo mifukoni, zimejengwa juu ya kiini hicho hicho. Kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza Linux katika kompyuta ya mwaka 2008 anajifunza kitu kinachotumiwa leo na wanasayansi wakubwa.

Tatu, hoja ya mitumba ina ukweli mmoja mchungu ambao hatuna budi kuukubali. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 ulifanywa kwa sababu taka za hatari zilikuwa zikisafirishwa kutoka nchi tajiri na kutupwa katika nchi maskini. Kompyuta zilizokufa ni taka, na ndani yake mna madini ya sumu kama risasi. Shule inayoletewa zawadi ya kompyuta ina haki ya kuuliza maswali kabla ya kushukuru. Je, zinawaka? Zina kumbukumbu kiasi gani? Skrini na nyaya zimo? Nani atazichukua zitakapokufa? Asiyeuliza huweza kupokea taka kwa jina la msaada.

Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakutuambia turidhike na vitu duni. Nionavyo mimi, kujitegemea katika jambo hili ni kukimiliki chombo kwa maarifa. Kompyuta mpya ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuitengeneza inapokwama huifanya shule iwe mtumishi wa fundi. Kompyuta kuukuu ambayo mwalimu ameifungua, ameipangusa vumbi na kuiwekea mfumo endeshi kwa mikono yake inaitumikia shule.

Mashine Peke Yake Haifundishi

Hapa nafika kwenye jambo ambalo wapenzi wa kompyuta hawapendi kulisikia. Mwaka 2007 ulianza utengenezaji wa kompyuta ndogo ya watoto iitwayo XO, chini ya mpango wa kumpatia kila mtoto kompyuta mpakato moja. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 tu, na iliendeshwa kwa Linux. Nchi kadhaa ziliipokea, zikiwamo Uruguay, Peru, na katika eneo letu Rwanda. Mashine yenyewe ilikuwa imara, ikitumia umeme kidogo, na ilibuniwa kwa ajili ya mtoto wa kijijini.

Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilichapisha uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za vijijini nchini Peru. Watafiti walikuta kwamba idadi ya kompyuta shuleni ilikuwa imeongezeka sana, na watoto walizitumia. Waliona pia dalili za maendeleo katika majaribio ya jumla ya akili. Lakini katika hisabati na lugha hawakupata ushahidi wowote kwamba watoto waliopewa kompyuta waliwazidi wenzao wasiopewa.

Ndugu mwanachuo, yafaa ulitafakari jambo hili kwa makini kabla hujaanza kufufua kompyuta yoyote. Kama mashine mpya, iliyobuniwa na wataalamu kwa ajili ya watoto, haikuinua hisabati ya watoto wale, kompyuta yako kuukuu haitaiinua kwa kuwaka tu. Nionavyo mimi, upungufu ulikuwa hapa: mashine zilifika kabla ya somo. Walimu walikabidhiwa chombo, lakini hawakuoneshwa vya kutosha kitumikeje katika mada waliyopaswa kuifundisha Jumatatu asubuhi.

Mfano wa Somo

Nisije nikalaumiwa kwamba natoa maneno matupu, natoa mfano. Tuchukue Darasa la Tano lenye wanafunzi 48, kompyuta kuukuu 4, na kipindi cha dakika 40. Mada ni pembe za maumbo. Programu ni Logo, lugha ya kuamuru kompyuta iliyobuniwa Marekani mwaka 1967 na Wallace Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon kwa ajili ya watoto. Hupatikana bure katika Linux, ni ndogo mno, na haihitaji intaneti. Katika Logo mtoto humwamuru kobe aliye kwenye skrini aende mbele hatua kadhaa au ageuke nyuzi kadhaa, naye kobe huacha mstari anapopita.

Amri za Logo ni za Kiingereza, lakini lugha hiyo ina sifa moja inayotufaa sana: mwalimu aweza kuifundisha maneno mapya. Kwa mistari michache tu, aliyoiandika kabla ya kipindi, kobe ataelewa "mbele", "kulia" na "rudia".

Ligawe darasa katika makundi 8 ya wanafunzi 6. Makundi 4 yaende uwanjani na chaki au kijiti. Makundi 4 yakae kwenye kompyuta. Baada ya dakika 15 yabadilishane, nawe ubakiwe na dakika 10 za kujumlisha somo. Uwanjani mwanafunzi mmoja huwa kobe, na wenzake humwamuru kwa maneno yale yale atakayoyatumia kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta kila mmoja awe na kazi yake: mmoja abonyeze, mmoja asome amri, mmoja achore daftarini, na watatu wabashiri kobe ataishia wapi. Ubashiri utangulie kila amri. Kisha wabadilishane kazi, ili asiwepo mtoto mmoja anayeishika kibodi kipindi kizima huku wenzake wakitazama mgongo wake.

Mraba hauna taabu: mbele 100, kulia 90, mara nne. Sasa waambie wachore pembetatu yenye pande sawa. Wengi watamwamuru kobe ageuke nyuzi 60, kwa sababu wamekwisha kujifunza kwamba kila pembe ya pembetatu hiyo ina nyuzi 60. Kobe atatii, na mwisho wa pande tatu umbo litabaki wazi, mfano wa nusu ya umbo la pande sita. Hapo mwalimu asiharakishe kusahihisha. Mtoto aliyekuwa kobe uwanjani ndiye atakayekumbuka kwamba mtembeaji hageuki pembe ya ndani. Hugeuka pembe ya nje, nayo ni nyuzi 120. Kutoka hapo wataweza kuongozwa hadi kanuni yenyewe: nyuzi 360 zigawanywe kwa idadi ya pande. Umbo la pande tano litawadai nyuzi 72, nao wataweza kulihakikisha mara moja.

Tazama kompyuta imefanya nini katika somo hili. Imemruhusu mtoto kukosea bila aibu, kuona kosa lake kwa macho, na kulisahihisha mwenyewe. Ubao na chaki havifanyi hivyo kwa urahisi. Kwa kazi hii kompyuta ya miaka 15 iliyopita hailegei hata kidogo, na mtoto hatambui kwamba ni kuukuu.

Tahadhari

Sitakuwa mkweli nikisifu bila kutaja mipaka. Linux nyepesi huipunguzia kompyuta mzigo wa mfumo endeshi, lakini haiupunguzi uzito wa kurasa za intaneti. Ukurasa mmoja wa siku hizi waweza kudai mamia ya megabaiti za kumbukumbu. Kwa hiyo kompyuta kuukuu ipewe kazi zisizotegemea intaneti: Logo, uandishi, michezo ya hesabu ya GCompris, au Wikipedia iliyohifadhiwa katika diski kwa njia ya Kiwix.

Kadhalika, kompyuta za biti 32 zinafikia mwisho wake. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kiini wala kisakinishi cha kompyuta hizo. Zaweza kuendelea na matoleo ya nyuma kwa muda, lakini shule isizipokee leo kana kwamba zina maisha marefu.

Suala la umeme nalo lipimwe kwa hesabu. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na skrini yake ya kioo kinene yaweza kutumia wati 100 au zaidi. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35, ilitumia wati zisizozidi 5 bila kuhesabu skrini, nayo pia huendeshwa kwa Linux. Kwa shule inayotegemea umeme wa jua, kompyuta ndogo ya kununua yaweza kuwa nafuu kuliko kubwa ya bure. Mwalimu asiipende kompyuta kuukuu kwa sababu tu ni kuukuu.

Mwisho wa tahadhari, kompyuta za shule ni mali ya umma. Usifute kitu chochote bila idhini ya mwalimu mkuu. Nakili kwanza hati zote zilizomo. Kisha jaribu Linux kutoka katika flashi bila kuigusa diski. Ukiona skrini, sauti na kibodi vinafanya kazi, ndipo uamue kusakinisha. Ikiwa kompyuta inasahau tarehe kila inapozimwa, usiitupe. Huenda betri ndogo ya saa, yenye umbo la sarafu, ndiyo iliyokwisha.

Wajibu Wetu

Vyuo vyetu vya ualimu vina wajibu katika jambo hili. Kumfundisha mwanachuo kubonyeza vitufe vya programu moja hakutoshi, maana programu hiyo huenda asiikute shuleni. Kila mwanachuo, kabla ya kuhitimu, na aifungue kompyuta moja, aisafishe, aiwekee Linux, aiharibu na kuitengeneza tena. Kisha, na hili lisiachwe, aandike andalio la somo moja ambalo kompyuta hiyo italitumikia, naye alifundishe mbele ya wenzake wakati wa mazoezi ya kufundisha. Somo hilo na lihukumiwe kwa kipimo cha masomo yote: watoto wamejua nini ambacho hawakukijua?

Siku utakapopangiwa shule, huenda ukakuta mlango uliofungwa na kompyuta zilizofunikwa vitambaa. Usianze kwa kulalamika, wala usianze kwa kuomba ufunguo. Anza kwa kuandika andalio la somo, ukionesha mada, idadi ya wanafunzi, muda, na kazi ya kila kundi. Mpelekee mwalimu mkuu. Aliyefunga mlango ule aliufunga kwa hofu ya kuharibu mali ya shule, na hofu hiyo hupungua anapoona kwamba mwombaji anajua anachokwenda kufanya na watoto 48 kwa dakika 40.